Sahani ya Alhamisi

"Basi kama si yeye, yule n'nani?"

Bibi yangu aliniuliza swali hilo mchana mmoja nikiwa na miaka mitatu na miezi, nami sikuweza kulijibu. Maswali mengine yote ya wakati ule niliyajibu. Naambiwa nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Lile moja likanishinda, na mwezi uliopita, nilipokwenda Shumba kwa hitima ya bibi huyohuyo, nililikuta bado linanisubiri nyuma ya jiko, palepale nilipoliacha.

Nikueleze kwanza mahali penyewe. Nyumba ya bibi ina jiko la nje, banda la miti lililokandikwa udongo, lenye milango miwili. Mmoja unatazama nyumba, wa pili unatazama mikarafuu. Hatua chache kutoka mlango huu wa pili kuna jiwe la matumbawe, bapa, la kumtosha mtu mmoja kukaa. Bibi akipika alikaa juu ya mbuzi yake anakuna nazi, uso kwenye moto, mgongo kwenye jiwe. Mimi nilikaa kizingitini nachambua karafuu: makonyo, vile vijiti vyake, kwenye ungo mmoja, karafuu kwenye mwingine. Ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa duniani. Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu mbichi, vidole vyangu hujikunja vyenyewe.

Mama yangu sikumjua. Baba alimwacha nikiwa bado nanyonya. Yeye akaolewa tena kwao Mkoani, upande wa pili wa kisiwa, nami nilipoachishwa ziwa nikaletwa kwa mama yake baba. Baadaye kidogo mama akafariki. Hayo ndiyo yote niliyoambiwa, tena yalisemwa kwa sauti ya kukuonyesha kwamba hayaulizwi mara mbili. Baba alikuwa na duka la vitambaa Konde, na mke mwengine hukohuko Konde. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kututazama, na gari ilikuwa bado haijasimama sawasawa nami nimekwishajua kwa mwendo wake wa kushuka kama siku hiyo anacheka au hacheki.

Naam, hilo nilikuwa nalo. Nilikuwa naweza kusoma watu. Usidhani najisifu, kwani wewe pia ulikuwa nalo ukalisahau. Nilipofika chuo kikuu kusomea ualimu, nilishughulishwa sana na jambo hili: mtoto mdogo, ambaye hata maneno hayajamtoka vizuri, anajua swali la mtu mzima linataka nini. Mtu anakuuliza, "Pua iko wapi?" Pua yake anaijua vizuri, na wewe unajua kwamba anaijua, lakini unaishika yako ili ashangilie. Anakuuliza, "Mlango huo umefungwa?" Unainuka kwenda kuufunga. Anakuuliza, "Nani kamwaga maziwa?" Hapo unatazama mkono wake kwanza, kisha ndiyo unafikiri cha kusema. Na lipo swali lile la wageni, "Unampenda nani zaidi, mie au bibi?", ambalo halina jibu jema, basi unajificha nyuma ya kanga. Mtoto halijibu swali. Anamjibu mtu.

Sasa nije kwenye Alhamisi.

Katika mji wetu, adhuhuri ikishasaliwa, watu huingia ndani. Jua linakuwa utosini, kuku wanajibanza chini ya ghala, njia zinabaki tupu mpaka karibu na alasiri. Bibi alikuwa akisema saa hizo zina wenyewe. Watoto hawatoki. Hata upepo ulikuwa unakatika, ukawa husikii ila mbuzi ya nazi, khrr, khrr, khrr.

Nilinyanyua macho kutoka kwenye ungo, na juu ya jiwe pamekaa mtu.

Sikumwona akija. Alikuwa mweusi tangu juu hadi chini, buibui zito la kizamani, na kitambaa kimemfunika uso wote, hata macho. Hakusogea. Kuku hawakumkimbia. Alikuwa ameelekea kwangu, hilo nilijua, ingawa hakukuwa na uso wa kunielekea.

Khrr, khrr. Kisha bibi, bila kugeuza shingo: "N'nani yule?"

"Mtu," nikasema.

Mbuzi ikanyamaza. "Mtu? Kuna mtu pale? Au hapana mtu?"

Nilimtazama mgongo. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Sikuwa na elimu yoyote, lakini nilijua, kama nilivyojua la pua na la mlango, kwamba swali lile lilikuwa na jibu moja tu analolitaka, na kwamba analitaka sana.

"Hapana mtu," nikasema.

Mabega yakashuka. "Haya. Basi hapana mtu." Akapakua muhogo wa nazi na kipande cha papa, akafunika sahani kwa kawa, akanipa kwa mkono wa nyuma. "Kaweke pale jiweni."

"Nimpe nani?"

"Kaweke tu, mwanangu."

Nikapeleka. Mikono ilitoka kwenye weusi ule, ina hina kwenye ncha za vidole, ikapokea. Nilirudi kizingitini sikuangalia nyuma. Bibi alipoanza kutia udi wa alasiri, jiwe lilikuwa tupu na sahani ni nyeupe pe, imefunikwa kawa lake. Chini ya kawa palikuwa na shokishoki tatu.

Alhamisi iliyofuata alikuja tena. Na nyingine. Sikuhesabu, nilikuwa sijajua kuhesabu. Kila mara mbuzi ilinyamaza, bibi akauliza motoni, "N'nani yule?", nami nikasema, "Hapana mtu," kwa sauti ya mchezo, maana kwangu ulishakuwa mchezo. Mgeni hakusema neno. Nilimwimbia, hakuimba. Nilimuuliza jina lake, kitambaa kikaingia mdomoni na kutoka, kikaingia na kutoka, lakini hakusema. Siku moja nikaona kitambaa kile kimeloa, kuanzia penye macho mpaka kidevuni, na jua linawaka. Nikafikiri ametoka baharini.

Kisha ikawa siku ya kupimwa. Alinivuta mguu taratibu, akauweka juu ya paja lake, akachana kipande cha ukuti na kukilaza kwenye wayo wangu, kisiginoni hadi kwenye kidole gumba. Akakikata kwa kucha, akakitia kifuani. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Aliushika mguu wangu muda mrefu kuliko kupima.

Haya yote ningeyaweka moyoni kama si jirani.

Jirani yetu, ambaye ua wake wa makuti ulipakana na wetu, alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye mkate wa kumimina siku zote. Alikuwa ameniona napeleka sahani. Akaniita penye tundu la ua, akanipa kipande, akachutama hata macho yetu yakalingana.

"Nambie, mama. Bibi ampa nani chakula?"

Ninaikumbuka sura yake kuliko ladha ya mkate. Macho yalikuwa yamemtoka kabla sijasema kitu. Huyu hakutaka "hapana mtu." Huyu alitaka jambo la kumsimamisha nywele. Nami, kwa wema wote wa mtoto aliyepewa mkate, nikampa.

"Mwanamke. Hana uso."

"Yallah! Hana uso vipi?"

"Hana. Na kaloa maji. Kanipima na ukuti."

"Kakupima? Kakupima nini, mwanangu?"

"Kanipima mie."

Alijishika kifua. Kwetu mtu hupimwa kwa ukuti mara moja tu, naye amelala. Anayechimba kaburi ndiye huja na kijiti chake. Kabla ya magharibi, habari zilikuwa zimezunguka Shumba yote kwamba bibi anamlisha mmoja wa wale wa saa saba, na kwamba huyo keshachukua kipimo cha mjukuu.

Ijumaa baba aliposhuka garini hakuwa anacheka. Alikuja na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, yule aliyekuwa ameanza kunifundisha alifu kwa kijiti kwenye ubao. Walikaa barazani. Bibi alibaki amesimama, ameshika nguzo.

"Mama, mji mzima wanisema. Ati wafuga mashetani."

"Waseme. Midomo ni yao."

"Kuna mtu anakuja hapa?"

"Wallahi, macho yangu hayajaona mtu."

"Na chakula?"

Bibi akaikumbatia nguzo. Baba akapangusa uso kwa leso. Alisema polepole, na ile polepole ndiyo iliyonitisha: "Basi mtoto simwachi. Kama nyumba hii ina mambo, leo hii nnaondoka naye Konde, na hapa harudi."

Konde nilikuwa nimelala siku moja, kwa mke wa baba. Hakunifanya kitu. Ila kila nilichoshika alikifuta. Nilimtazama bibi. Vidole vyake kwenye nguzo vilikuwa vimekuwa vyeupe.

Mwalimu akasema, "Muulizeni mwenyewe. Mtoto wa umri huu kalamu haijaanza kumwandikia. Hana dhambi, atasema kweli."

Baba akaniweka katikati ya magoti yake. Alinuka vitambaa vipya. "Mwanangu, mwambie baba. Bibi yako, kile chakula cha jiweni, anakula nani?"

Swali tamu, lina biskuti mkononi. Lakini taya lilikuwa limekaza, na macho yake hayakuniangalia mimi, yalikuwa yananipita yanatafuta mtu nyuma yangu. Baba alikuwa anataka jina. Alikuwa anataka mtu wa kumkasirikia, na yeyote nitakayemtaja ataumia. Bibi nisingeweza kumpa. Yule wa jiweni nisingeweza kumpa, kwani alishika mguu wangu vile. Nikatafuta ni nani aliyebaki.

"Mie," nikasema.

"Weye? Sahani nzima ya muhogo?"

"Na papa."

"Na yule mwanamke asiye na uso?"

"Jirani anataka hadithi. Kanipa mkate."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Baba akajizuia, akashindwa, tumbo likaanza kumtikisika chini ya kanzu. "Huyu! Mroho huyu! Na mwongo mwenzake kule uani!" Akanipa biskuti. Konde sikwenda. Bibi tu ndiye hakucheka. Aliniangalia kwa namna ambayo sijaangaliwa tena na mtu yeyote.

Alhamisi iliyofuata hapakuja mtu. Bibi akauliza motoni, nikasema, "Hapana mtu," na safari hii ilikuwa kweli. Maneno ni yaleyale, lakini lazima sauti ilikuwa nyingine, kwa sababu mabega hayakushuka. Sahani ilirudi imejaa. Alhamisi ya pili ikarudi imejaa, ina sisimizi.

Ya tatu, adhuhuri imekwisha, njia zimetulia, nikanyanyua macho. Juu ya jiwe pamekaa mtu. Buibui lilelile la kizamani. Kitambaa kilekile. Lakini magoti yalikuwa yamefika juu mno, na mabega yalikuwa mapana, na mikono haikuwa na hina. Kitu fulani kilikuwa kimevaa nguo zake.

Khrr, khrr. Kimya. "N'nani yule?"

Mchezo ulitaka niseme hapana mtu. Sikuweza. "Si yeye," nikasema.

Bibi akakaa hivyo, nazi mkononi. "Si yeye?"

"Si yeye."

"Basi kama si yeye, yule n'nani?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza, bibi akageuka.

Alitazama jiwe. Mgeni hakufunua uso, alishusha kichwa tu. Bibi alijiziba mdomo kwa kanga, na kutoka nyuma ya kanga nikasikia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Yule mrefu aliweka furushi la karatasi juu ya jiwe, akaondoka kwa njia ya mikarafuuni. Hata nyayo zake hazikusikika. Bibi aliiosha sahani ile, akaifudikiza juu kabisa ya kabati, na jiwe halikupelekewa chakula tena. Ndani ya furushi mlikuwa na viatu vyekundu vya bizimu. Nilivivaa Iddi ile. Baba alidhani kanunua bibi. Mimi nilidhani kanunua baba.

Nimekua na kisa hiki, na nimekifanyia kila lililowezekana. Nilipofika darasa la tano nilimuuliza bibi, akaniambia nile. Nilipofika chuo kikuu niliamua kwamba hakikutokea. Kumbukumbu ya mtoto wa miaka mitatu ni nini? Ni maneno ya jirani yaliyorudiwa mpaka yakapata rangi. Niliwaeleza wenzangu bwenini kwa kujiamini kabisa: bibi alikuwa na imani za kale, anaweka sadaka kwa mzimu wa jiwe, chakula kilikuwa kinaliwa na paka, mimi nikajaza mwanamke pale palipokuwa wazi, kwa sababu watu wazima walinionyesha kwa nyuso zao kwamba wanamtaka. Ilikuwa hoja nzuri. Nilishughulika sana kuthibitisha kwamba hapakuwa na mtu. Ajabu, ndilo jibu lilelile nililofundishwa kizingitini.

Basi mwezi uliopita bibi alitimiza siku zake arubaini. Wanaume walikuwa barazani na msahafu, wanawake uani na masufuria ya pilau. Nilikwenda huko na simu mkononi na digrii kichwani, na kila mama aliyenishika mkono aliniuliza, "Na weye je, lini?", nami nikajua vizuri anachokitaka, nikajificha kwa kuchambua mchele. Kuni zilipopungua nikaenda nyuma ya jiko. Banda limeinama. Kizingiti kimeliwa na mchwa. Mikarafuu miwili mitatu tu ndiyo iliyobaki. Ilikuwa saa saba, jua liko utosini.

Na juu ya jiwe pamekaa mtu. Magoti yamefika juu.

Sikuona aibu kusimama kama gogo. Kila nilichosoma kiliniondoka, nikabaki na miaka mitatu na miezi.

Akanyanyua kitambaa. Mwanamke mtu mzima, mrefu, miwani imefungwa uzi. "Viatu vilikutosha?" akauliza.

Sikuhitaji kuuliza viatu gani. "Vilikuwa vikubwa kidogo," nikasema.

"Alitaka viwe vikubwa. Alisema uvivae Iddi mbili." Akasogea, akanipa nafasi kwenye jiwe. "Mie ni mama yako mkubwa. Dada wa mama yako. Baadaye nilimwahidi bibi yako kwamba sitasema neno maadamu yu hai. Sasa kapumzika."

"Karibu ndani, Mama Mkubwa."

"Ndani siendi. Hapa ndipo petu."

Akanisimulia, huku pilau linanukia na wanaume wanaitikia amina mbele ya nyumba. Siku nilipochukuliwa, baba, kwa uchungu wa mtalaka wake kuolewa na mwengine, alimwapisha mama mbele ya msahafu mambo mawili: asiingie nyumba nitakamolelewa, na asiseme nami neno hata moja. Akamwapisha na mama yake mwenyewe: akimwona tu yule mwanamke, amwambie. Mama hakuingia. Alikaa nje, juu ya jiwe. Hakusema neno. Kila Alhamisi alipanda gari kutoka Mkoani, akashuka Konde akapita mbele ya duka la baba amejifunika, akaja kunitazama nikichambua karafuu, mpaka mimba ya mume wa pili ilipomlemea. Na bibi hakumwona. Alimpa mgongo, akaniuliza mimi. Miezi yote ile hakugeuka, mpaka siku niliyosema si yeye.

Mabibi wa aina ile wamekwisha. Watu wanaobanwa na kiapo, kisha wakatafuta kwa subira upenyo ambao Mungu mwenyewe atauona na kunyamaza. Sasa hivi tunasema tu uongo, ni rahisi zaidi. Baba yuko hai, alikuwa barazani siku ile, amezeeka. Sijamwambia. Hajauliza.

Nimepiga hesabu hii mara nyingi tangu nirudi Unguja. Mama yangu hakuvunja kiapo. Bibi yangu hakuvunja kiapo. Katika sisi watatu, mwongo nilikuwa mimi peke yangu, niliyekuwa kalamu haijaanza kuniandikia. Mara moja tu nilivunja mchezo nikasema kweli, mchana ule kizingitini. Siku hiyo mama yangu, aliyefariki akijifungua, alikuwa na siku tisa kaburini.